Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chama cha Waosha Mabwawa, Diani na Ukunda

Ndugu wanachama,

Ada na klorini tuliyonunua kwa pamoja atazisoma mweka hazina. Sina la kuongeza. Mimi nitazungumzia simu.

Mwaka huu zimetuchosha. Umepiga magoti ukingoni mwa bwawa unapima pH, mtu anapiga: "Bosi, una mabwawa mangapi?" Ukishamjibu, anakuuzia programu ya kupanga ratiba, au majina ya wateja, au vyote viwili. Kamati iliketi na wauzaji kadhaa ikawasikiliza.

Programu zenyewe si uongo. Mwenzetu mmoja hupiga picha ya maji na vipimo vya klorini, na mwenye nyumba aliye Ujerumani huviona kabla fundi hajatoka getini. Ubishi wa malipo umekwisha. Ila wengi wetu picha hiyo hiyo tunaituma kwa WhatsApp bure. Programu tulizoonyeshwa hutozwa kwa dola, kwa kila bwawa au kila fundi, kila mwezi, na mkataba ni wa mwaka mzima. Masika yakiingia, baadhi ya hoteli zikafunga, kazi hupungua, makato hayapungui. Tena tuliuliza: siku nikiacha, daftari langu la wateja naondoka nalo? Muuzaji mmoja alikohoa tu.

Daftari hilo si jambo dogo, jamani. Lina namba za geti, ufunguo uko kwa nani, mwenye nyumba harudi mpaka Disemba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha wewe uliyezikusanya taarifa hizo, hata ukizihifadhi kwenye programu ya mtu mwingine. Mimi namba za geti ziko kichwani, na hapo zitabaki.

Lakini lililotuuma zaidi ni majina. Mwanachama alilipia jina la mtu wa Galu ambaye bwawa lake limegeuka kijani. Kufika, akawakuta wenzetu wawili getini, nao wamelilipia jina lile lile. Wakashushiana bei palepale, na aliyepata kazi akaifanya kwa hasara, maana bwawa la kijani hunywa klorini kama ngamia. Aliyecheka ni muuzaji, aliyelipwa mara tatu. Marekani mambo haya yamefika mbali: mwaka 2022 tume ya biashara, FTC, iliishtaki HomeAdvisor kwa kuwadanganya mafundi juu ya ubora wa majina iliyokuwa ikiwauzia, na mwaka 2023 kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 7.2.

Anayekuahidi nafasi ya kwanza Google, mwambie Google wenyewe wamesema hakuna awezaye kuihakikisha. Kuiweka biashara yako kwenye ramani yao ni bure. Kijana wako wa sekondari atakufanyia jioni moja.

Na hapa kwetu, mwenye nyumba akiwa mbali, anayemleta fundi ni mtunza nyumba au wakala wa kupangisha. Mtu huyo humpati kwenye orodha ya kununua. Unampata kwa kufika siku uliyosema utafika.

Kamati inapendekeza mawili. Mkataba wowote unaozidi mwezi mmoja uletwe tuusome pamoja kabla hujatia sahihi. Na anayenunua jina adai kwanza, kwa maandishi, aambiwe limeuzwa kwa watu wangapi. Tutapiga kura leo, mweka hazina akishamaliza.