Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Darasa letu linalala saa kumi jioni

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: KOZI ZENYE KREDITI KATIKA VYUO VYA MAENDELEO YA WANANCHI

Mheshimiwa, salaam kutoka Kilwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, cheti cha Daraja la IIIA, mama wa watoto watatu. Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini hupitia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kumchukua mdogo wangu anayesoma ushonaji. Mara nyingi nakuta wameshamaliza. Vyerehani vimefunikwa kwa khanga kuukuu, ubaoni bado kuna vipimo vya kiuno na mabega kwa chaki, na vumbi la mbao kutoka karakana ya jirani limetua kwenye dirisha. Umeme upo. Viti vipo. Mlinzi anafagia, anafunga, na darasa linalala hadi kesho asubuhi.

Ni kwa ajili ya darasa hilo naandika: naomba jioni lifundishiwe masomo ya chuo kikuu yenye krediti, yaani alama zinazohesabika kuelekea stashahada au shahada.

Unajua kuliko mimi kwamba serikali ina vyuo hivi 54 nchi nzima, kuanzia Kilwa Masoko na Newala hadi Sikonge na Msaginya. Vilianza mwaka 1975, wazo lilitoka nchi za Skandinavia, ambako mtu mzima wa kijijini alikuwa na mahali pa kusoma bila kuhama kwao. Baadaye vikatolewa Wizara ya Maendeleo ya Jamii vikaletwa kwako. Vimekarabatiwa, mabweni yamepakwa rangi, na mabinti waliokatishwa masomo na ujauzito wanasoma huku watoto wao wakilelewa hapo hapo chuoni. Kwa hilo hongereni, na nasema kwa moyo mweupe.

Ila mtu akitaka kwenda mbele ya ufundi, ya kozi fupi na ya kidato cha nne cha watu wazima, lazima apande gari.

Nina uzoefu wa gari hilo. Nasoma shahada ya ualimu kwa masafa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama mimi, na kituo chake cha mkoa kiko Lindi mjini. Siku ya mtihani natoka Masoko alfajiri kwa hiace, nateremka Nangurukuru, nasimama kando ya barabara kuu kusubiri basi la kutoka Dar lenye nafasi. Nikilikosa la kwanza, nasimama na muuza mahindi hadi la pili. Nafika Lindi mchana, nalala gesti, nafanya mtihani, narudi. Nauli, gesti, chakula, na jirani wa kuangalia watoto, ambaye siku hizi hata shukrani ya sukari kilo mbili haimtoshi, na simlaumu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar pale Somanga, vitabu nilivyoagiza vilikaa kwenye lori upande wa pili wa maji hadi nikavisahau.

Silalamikii kituo cha Lindi. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mtihani ule ule usifanyike katika darasa la ushonaji, chini ya msimamizi yule yule, na bahasha iliyofungwa vile vile? Mitihani ya taifa ya darasa la saba inafika hadi visiwani kwa mashua.

Na isiwe mtihani tu. Masomo yenyewe yaje. Kwa utaratibu wetu, mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Somo la krediti 10, basi, ni saa 100. Tuseme nusu ni darasani na nusu ni kusoma mwenyewe nyumbani. Saa 50 za darasani, jioni tatu kwa wiki, saa mbili mbili, zinakwisha kwa wiki tisa. Sasa tazama kalenda ya huku, si ya chuo: ufuta unauzwa Juni na Julai, korosho zinaanza kuokotwa kwa wingi Oktoba. Katikati hapo kuna wiki tisa karibu kamili, na watu wana hela ya ada mfukoni. Semesta ya wenye mashamba tayari ipo, ni sisi tu hatujaiandika.

Nani atasoma? Nianze na makarani wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Hawa ndio wanaopima ufuta wetu, wanaoandika stakabadhi za ghala na kulipa wakulima. Wanaitwa semina kila mwaka, siku tatu, chai na soda, kisha cheti cha ushiriki. Namfahamu mmoja ana vyeti vya semina vya kujaza sanduku la bati, na hakuna hata kimoja kinachomsogeza hatua moja kuelekea stashahada. Semina zile zile zikipangwa kama somo la uhasibu wa ushirika, zikatahiniwa, zikapewa krediti, angekuwa mwaka wa pili sasa.

Najua wataalamu wako watasema hakuna wahadhiri. Kweli, hatutapata profesa Kilwa Masoko kila Jumanne. Lakini tuna mhasibu wa halmashauri mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, tuna daktari wa mifugo, tuna walimu wa sekondari wenye shahada ya pili wanaofundisha tuisheni jioni kwa sababu hawana kingine cha kufanya nayo. Chuo kikuu kitoe muhtasari, kiwapime hao, kiwalipe kwa saa, kitunge mtihani na kusahihisha chenyewe. Masomo ya maabara niko tayari kuyaacha. Sitaki mtu ajifunze kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni. Tuanze na ualimu, uhasibu, maendeleo ya jamii.

Watasema pia Lindi inapata kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa fedha za mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Naipongeza. Mwanangu wa kwanza huenda akasoma pale. Lakini kampasi ni ya kijana anayeweza kubeba godoro na kuhama. Mimi siwezi kuhama, na karani wa AMCOS hawezi.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Kabla sijahamishiwa huku nilisoma jioni, mkoa mwingine, chuo ambacho sitakitaja. Nilifaulu masomo manane. Uhamisho ulipokuja nikabeba matokeo yangu kwenda chuo cha pili. Afisa udahili aliyatazama, akaigeuza ile karatasi upande wa nyuma kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko, akaniambia: "Mama, anza upya tu, itakuwa rahisi kwetu." Rahisi kwao. Nilianza upya. Masomo mawili nilirudia na kitabu kile kile, na maelezo niliyoyaandika mwenyewe pembeni kwa penseli.

Kanuni ya kuhamisha krediti ipo, nimeisoma. Inafanya kazi pale ofisa anapotaka ifanye kazi. Mwanamke wa kijijini husoma kwa vipande: anasimama akijifungua, anasimama mama yake akiugua, anasimama mvua ikikata barabara. Kwa hiyo TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ziweke daftari moja la kitaifa la krediti, kwa jina la msomaji na namba ya NIDA, na chuo kinachozikataa kieleze sababu kwa maandishi ndani ya siku 30. Hapo ndipo kozi za vijijini zitakuwa na maana. Bila daftari hilo mtatuletea semina nyingine tu, ndefu kidogo.

Sikuombi vyuo 54 kwa mkupuo. Chagua vitano, kimoja kiwe mahali pabaya kufikika, jaribu misimu miwili. Wakifeli wote, tutakuwa tumepoteza ada na chaki.

Juzi Alhamisi, nikimsubiri mdogo wangu, binti mmoja wa darasa la uchomeleaji alikuja kukaa nami kwenye benchi, mwanawe mgongoni, miwani ya kazi bado kichwani. Aliniuliza, kwa kuwa ananiona na madaftari: "Mwalimu, nikimaliza hapa, kinachofuata kiko wapi?" Nikamwambia Lindi. Akauliza nauli ni shilingi ngapi. Nilipomtajia akacheka, akamrekebisha mtoto mgongoni, akarudi karakanani kuchukua mkoba wake.

Ofisi yako ikitaka kuliona darasa lenyewe, waje Jumanne au Alhamisi, baada ya saa kumi jioni. Mlinzi ana ufunguo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kilwa, Lindi.