Kabla ya kulaumu kioo cha sona, tazameni bomba

Mhariri,

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaponunua sona ya pembeni, chombo kinachotumia sauti kuchora kwenye kioo sakafu ya ziwa na samaki pande zote mbili za boti, wakaambulia ukungu mtupu, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kioo: kidogo, cha bei rahisi, cha zamani. Tunaomba nafasi tuseme kwamba kosa kwa kawaida haliko kwenye kioo. Liko pale transdusa ilipofungwa, na katika namna boti inavyoendeshwa.

Transdusa ni kile kichwa kinachokaa majini, kinachopiga sauti kushoto na kulia kisha kusikiliza mwangwi. Boti ya mbao ina mkuku, ule mti wa chini kabisa, unaoshuka chini kuliko ubavu. Kichwa kikifungwa ubavuni juu ya usawa wa mkuku, upande mmoja wa picha hutoka safi na wa pili huwa giza, kwa sababu sauti imegonga mbao. Tumieni bomba la chuma la inchi moja na nusu, lifungwe ubavuni karibu na katikati ya boti, kichwa kishuke walau sentimita 15 chini ya mkuku. Halafu bomba lisicheze! Kamba moja ivutwe kuelekea omo (mbele), nyingine tezi (nyuma), zikaze kabisa. Bomba likitetemeka, ukingo wa jiwe kwenye kioo huonekana kama meno ya msumeno. Kwenye boti ya fiberglass transdusa inaweza kukaa tezini, walau sentimita 38 kutoka kwenye pangaboi, mradi mashine ikiwa chini isikinge upande wowote.

Kabla ya kwenda kuvua, pitisheni boti mahali penye sakafu tambarare. Pande zote mbili za picha zilingane kwa mwanga mpaka ukingoni. Upande mmoja ukififia mapema, kichwa kimeinama: legezeni nati, mkinyooshe.

Waya wa umeme uende moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, ukiwa na fyuzi yake, usichangie na taa wala pampu. Mkiona mistari ya vitone ikikatiza picha, zimeni mashine boti ielee. Mistari ikitoweka, chanzo ni umeme wa mashine, basi waya wa transdusa utengwe mbali na waya za mashine. Ukizidi urefu msiukate.

Jambo linalowapotezea watu fedha nyingi zaidi ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Kilohezi 800 hutoa picha kali kuliko 455, lakini sauti yake hufika kama mita 45 tu kila upande. Sasa kina cha wastani cha ziwa letu ni mita 40. Umbali huo wa mita 45 hupimwa kwa mshazari kutoka kwenye kichwa, si kwa kutembea juu ya sakafu. Kwa hiyo kwenye mita 40 za maji, mita 45 za sauti zinawaonyesha mita 20 tu za sakafu kila upande. Sehemu kubwa ya kioo ni utepe mweusi wa katikati, yaani maji matupu. Wekeni 455 na umbali wa mita 100, mtaona zaidi ya mita 90 kila upande. Karibu na miamba ya ufukweni, penye mita 10 za maji, hapo 800 na umbali wa mita 30 ndiyo mahali pake. Kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufukwe) kinachovua kilindini kisilipie megahezi 1.2, yaani kilohezi 1,200, fedha hiyo inunue bomba imara na betri nzuri.

Umbali mkubwa nao una gharama yake. Sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde majini, hivyo kwa umbali wa mita 100 kichwa hakiwezi kupiga zaidi ya mara 7 kwa sekunde. Boti ikienda kilomita 8 kwa saa, kati ya pigo na pigo imesogea sentimita 30. Kwa kilomita 15 inaruka nusu mita na zaidi, na samaki mmoja anapotea katikati. Nendeni kilomita 5 hadi 8, na usukani unyooke. Ukikata kona, upande wa ndani picha ya sakafu hutanuka na wa nje hujibana, basi picha ya kwenye kona msiiamini. Kasi ya picha kwenye kioo nayo ilingane na ya boti, la sivyo jiwe la duara litaonekana kama mtumbwi.

Mkiongeza usikivu wa sona, angalieni vivuli, yaani sehemu nyeusi nyuma ya kitu pasipofika sauti. Kivuli kikianza kuwa kijivu, mmepitiliza. Rudisheni mpaka kiwe cheusi, kwa sababu kivuli ndicho kinachosema urefu wa kitu. Zidisheni urefu wa kivuli kwa kimo cha kichwa kutoka sakafuni, kisha gawanyeni kwa umbali kutoka kichwani hadi mwisho wa kivuli. Kivuli cha mita 6, kimo cha mita 12, umbali wa mita 24: jiwe lina mita 3, na nyavu zinazoburutwa hapo zitachanika. Kivuli kikigusana na kitu, kitu kimelala sakafuni. Doa jeupe likitengana na kivuli chake, huyo ni samaki anayeelea, na kadiri pengo linavyokuwa pana ndivyo alivyo juu zaidi.

Mafundi wa vyombo vya uvuvi,
Mwanza