Ghala jipya liachiwe nafasi ya mlango ambao bado hatujauhitaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kabla zege la ghala jipya la kijijini kwetu, wilayani Masasi, halijamwagwa. Mimi ni fundi mwashi. Nimestaafu kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya macho.

Ghala tulilonalo lilijengwa kwa ajili ya korosho peke yake, wakati mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati mpaka yauzwe, ulipoingia huku kwetu mwaka 2007. Lina mlango mmoja wa mbele, upana wa makuli wawili kupishana na magunia. Kwa korosho lilitosha. Sasa ghala hilohilo linapokea ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, na korosho zikianza kuingia Oktoba unakuta kuna mbaazi za watu bado zimelala kule nyuma. Hazitoki mpaka shehena ya mbele ihamishwe yote.

Mwaka juzi ikaamuliwa utobolewe mlango wa pili ubavuni. Ukuta ule hauna nguzo. Tofali ndizo zilizobeba paa. Walipofika kozi ya tatu ya tofali kutoka juu, ufa ukapanda toka pembe ya tundu mpaka chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Niliingiza kidole cha shahada, kikazama hadi kifundo cha pili. Tundu likazibwa, hela za wakulima zikawa zimekwenda, na makuli wanaendelea kupishana palepale.

Simlaumu aliyechora. Mwaka ule nani alijua kama ufuta na mbaazi zingekuja kupanga foleni mlango mmoja na korosho? Ninachokilalamikia ni kwamba ramani ya ghala jipya, niliyooneshwa kwa dakika tano, ni ileile ya zamani iliyoongezwa urefu.

Sisi watu wa Kusini tungepaswa kuwa wajuzi wa jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, wakajenga reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa 1951. Reli ilijengwa kwa ajili ya mashamba hayo, ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Bandari ilikamilika 1954, karanga zenyewe hazipo, lakini inafanya kazi mpaka leo: imepitisha korosho, saruji, makaa ya mawe. Kina cha maji hakiulizi meli imebeba nini.

Halafu tukarudia kosa wenyewe. Korosho za nchi nzima zilifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, tukakopa kujenga viwanda vikubwa vyenye mashine za kubangua korosho tu. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mashine zikalala. Baadhi ya majengo yake yakaja kutumika kama maghala, maana paa na sakafu havina ubaguzi.

Wenzetu wa Lisbon, Ureno, walifungua daraja lao mwaka 1966 kwa ajili ya magari, lakini wakalisanifu liweze kuja kubeba reli. Treni ilipita 1999. Waliongeza nyaya kuu nyingine juu ya zile za zamani, wakatandika njia chini ya barabara, daraja likabaki lilelile.

Kuna atakayesema hata sisi huacha nondo juu ya nyumba kusubiri ghorofa. Nimeziacha nyingi kwa mikono yangu, nakiri. Nyingi zimekula kutu, na chini yake msingi ni wa banda la kuku. Nondo ya namna hiyo ni ya kuwaringishia majirani. Nafasi ya kesho huachwa chini kwanza, kwenye msingi na nguzo.

Kwa ghala letu naomba paa libebwe na nguzo za zege, tofali ziwe za kuziba tu. Ubavuni na nyuma imwagwe linta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, mahali mlango unapoweza kuja kuhitajika, kisha pajengwe tofali kama kawaida. Siku ikifika, wanavunja tofali bila kugusa paa. Kipande cha bomba la inchi nne kipitishwe kwenye msingi na kuzibwa ncha zote mbili, ili maji au umeme ukija jamvi la sakafu lisipasuliwe. Kwa gharama, linta mbili ni nondo chache na mifuko kadhaa ya saruji. Lile tundu la mwaka juzi lilikula zaidi, na halikutupa mlango.

Msingi unaanza kuchimbwa wiki ijayo. Naomba ramani ibandikwe ofisi ya kijiji kabla ya hapo, na mhandisi aje atusikilize japo asubuhi moja. Futi yangu bado ninayo.

Fundi mwashi mstaafu,
Masasi, Mtwara