Mwanangu alivishwa cheo na kocha, nami baba yake nikiwa nimeketi

Shangazi,

Nimerudi kutoka zamu ya usiku na usingizi umekataa. Sasa ni saa kumi alfajiri. Kijana wangu wa kwanza, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kuletwa Marekani akiwa na miaka minane, alicheza mpira wa Kimarekani chuoni kwa miaka minne huku akipata mafunzo ya uofisa, na Mei iliyopita akawa luteni usu. Siku hiyo afisa mpya huchagua watu wake wa karibu wamvishe cheo. Bega moja alimpa mama yake. La pili alimwita kocha, nami nimeketi mstari wa mbele na suti niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Atasema sikuwahi kufika uwanjani. Ni kweli, lakini mechi zao ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya malipo ya ziada ghalani, ambayo yamewalisha yeye na wadogo zake. Jeshi nalo sikulipinga kwa chuki. Mwaka 1996 tulitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, tukiwakimbia watu wenye sare na bunduki, na aliyeyaona niliyoyaona hawezi kushangilia mwanawe anapovaa sare. Nilimwambia sare hiyo haitaingia nyumbani kwangu. Nilisema mara moja tu, Shangazi. Kocha amemjua miaka minne. Mimi nilimbeba mgongoni.

Aliwahi kunisimulia kwa fahari habari za Bob Kalsu, aliyechezea Chuo Kikuu cha Oklahoma, kisha timu ya kulipwa ya Buffalo Bills mwaka 1968, akaenda Vietnam akiwa afisa. Usiku huu nimeutafuta mwisho wake: aliuawa tarehe 21 Julai 1970, na mwanawe wa kiume akazaliwa siku mbili baadaye. Hilo mwanangu hakunisimulia.

Sihitaji aniombe radhi. Angekiri tu kwamba kunipita mbele ya watu na kumwita kocha kulikuwa kosa, yangekwisha. Mwezi ujao kikosi chake kinapelekwa Poland, naye amemuuliza mama yake, si mimi, kama anaweza kupita nyumbani kuaga akiwa ndani ya sare. Mama yake anangoja jibu tangu Jumapili. Nikikubali, nitakuwa nimemeza maneno yangu na kumwachia kocha nafasi yangu. Nikikataa, ataondoka. Je, baba anaweza kumpigia mwanawe simu kwanza, ikiwa aliyeumizwa ni baba?

Ni mimi, baba wa luteni,
Kentucky