Kidonge kile kile, figo si zile zile

Kirumba, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako niliipokea jana kwa mkono wa kijana aliyeshuka na meli ya Nansio. Nimefarijika kwamba Mama sasa anakunywa uji, ingawa naelewa mlivyotishika mlipomkuta pembeni ya dagaa alioanika, jasho linamtoka na maneno hayaeleweki. Unauliza imekuwaje kidonge cha kisukari, glibenklamaidi, alichokimeza miaka tisa kimgeuke.

Kidonge hakijabadilika, ila figo zimezeeka. Ini huivunja dawa hiyo kuwa mabaki ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari, na mabaki hayo hutegemea figo kwa sehemu kubwa ili yatoke. Figo zikilegea, dozi ya leo huikuta ya jana haijaondoka, na sukari hushuka kupita kiasi. Unasema kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kuangalia figo, ilisoma maikromoli 90 kwa lita mkaambiwa ni kawaida. Hapo hupotea wengi, hata sisi wauza dawa. Kreatinini hutokana na misuli, na Mama, mwenye miaka 78 na kilo 46, misuli amebakiwa nayo kidogo, kwa hiyo namba hubaki nzuri hata figo zikichuja kwa uvivu. Nilipopiga hesabu kwa umri, uzito na jinsia yake nilipata kwamba figo zake huchuja takriban mililita 33 kwa dakika, ilhali kijana mwenye afya huwa na 100 hivi au zaidi. Zile dikilofenaki, vidonge vya maumivu anavyonunulia magoti, nakuomba uzifiche leo hii, maana hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Kwa shemeji mambo ni kinyume, basi usishangae daktari akimwongezea lamotrijini, dawa yake ya kifafa, huku Mama anapunguziwa dawa. Ujauzito huharakisha ini kuivunja dawa hiyo, kiasi chake kwenye damu kikashuka, na kifafa kinaweza kurudi ingawa hajaruka hata kidonge kimoja. Asiiache kwa kumhofia mtoto. Kinachosahaulika ni kwamba wiki chache baada ya kujifungua ini hurudia mwendo wake wa zamani, na dozi ya ujauzito ikiendelea ataanza kuyumba na kuona vitu viwili viwili. Ulizeni kliniki mapema itapunguzwa lini.

Alhamisi Mama akienda kliniki, mfungie pakiti zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na mitishamba yake, na ile 33 uiandike nyuma ya kadi yake ili daktari aione kabla hajaandika chochote.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako