Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuimaliza Ulaya yote kwa wiki mbili

Mdogo wangu,

Listi ya miji ya fungate yenu aliyonitumia shemeji nimeiona, na nimeamua nikujibu hapa hapa hadharani, kwanza kwa sababu wasap nikikuandikia maneno mengi unasoma nusu unajibu na stika, pili kuna mashoga zako wameshaniuliza hayo hayo, kwaiyo someni wote kwa pamoja. Jina sitaji ila utajijua.

Amsterdam, Brussels, Paris, Zurich, Milan, Venice, Florence, Rome, halafu London "tukipata muda". Wiki mbili! Hiyo sio fungate bana, hiyo ni ziara ya mkuu wa mkoa. Mnachosahau ni kwamba kila mkihama mji mmeshaitupa nusu siku, maana hoteli inawataka mtoke kwenye saa tano asubuhi, huko mnakoenda chumba wanawapa saa tisa alasiri, katikati hapo mnaburuza mabegi stesheni, mna njaa, mmeanza kununiana. Miji nane maana yake siku nne zimeishia kwenye masanduku. Hebu hesabuni usiku, msihesabu miji, mji ambao hamjalala hata usiku mbili mtaukumbuka kwa choo cha stesheni tu.

London ifuteni kabisa. Uingereza haimo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ina viza yake, ada yake, alama za vidole upya, na mkishatoka Schengen kwenda huko mkitaka kurudi lazima viza yenu iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Uswisi haina shida, haimo Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, ila bei za kule mtakula mkate na maji. Zurich nayo iachwe.

Mimi ningefanya hivi: Amsterdam usiku tatu, Paris nne, Venice mbili, Rome nne. Basi. Florence shem akiililia sana, kutoka Rome treni ya kasi ni kama saa moja na nusu, mnaenda asubuhi mnarudi jioni, begi linabaki hotelini. Na tiketi ya ndege msikate ya kwenda na kurudi mji mmoja, mtafuteni mtu wa tiketi awatafutie ya kuingilia Amsterdam na kutokea Rome, wakala mvivu atakwambia ni ghali, mwambie aangalie kwanza, mara nyingi tofauti ni ndogo na mnaokoa nauli na siku nzima ya kurudi mlikotoka. KLM na Turkish zote zinatua hapa Dar, na zote mnaweza kurudia kutokea Rome, moja mnaunganishia Amsterdam nyingine Istanbul.

Sasa viza, hapa ndo nakuomba utulie. Watu wa mjini watakwambia omba ubalozi fulani, wale hawana shida. Achana nao. Sheria ni kwamba unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siku zikilingana ndo unaangalia unapoingilia. Kwa ratiba yangu hapo juu Italia ina usiku sita, Ufaransa nne, Uholanzi tatu, kwaiyo mnaomba ya Italia hata kama ndege inatua Amsterdam. Mkibadilisha usiku ubalozi nao unabadilika, ndo maana nakwambia ratiba kwanza, fomu baadae. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, lakini nani kakwambia usubiri mwisho? Majibu kwa kawaida ni siku 15 na wakitaka kuchunguza zaidi yanaweza kufika 45, na hapo hujahesabu foleni ya kupata miadi, ambayo wakati wa kiangazi chao inakuwa shida kwelikweli.

Ada ni euro 90 kila mtu tangu Juni 2024, wakikunyima hairudi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na iseme wazi kwamba ni ya nchi zote za Schengen. Paspoti iwe na miezi mitatu zaidi baada ya tarehe ya kutoka kule, isiwe na umri wa zaidi ya miaka kumi, na kurasa mbili tupu. Ya kwako angalia vizuri maana ile ulitengeneza zamani. Kila mmoja anaomba ya kwake, hata kama mmeoana, na cheti cha ndoa mnaambatanisha, kwaiyo kama bado kile cha msikitini hamjakifikisha RITA, wale wanaosajili ndoa, anzeni leo. Wewe una barua ya mwajiri na likizo, yamekwisha. Shemeji ndo ana kazi: leseni ya biashara, makaratasi ya BRELA ya usajili wa biashara, ya TRA ya kodi, stetimenti ya benki. Na mwambie aache ile tabia ya hela zote kukaa kwenye simu na kwenye droo la duka, akaunti iwe inaonyesha mzunguko wa biashara kila mwezi. Kuazima milioni kumi ya mtu ukaiweka wiki moja kabla ya maombi, hiyo wanaiona. Wanachotaka kujua ni kwamba unazo na utarudi, na duka lenye mzunguko linasema yote mawili.

Hoteli chukueni za kughairi bure mpaka viza itoke. Ndege hivyo hivyo, bukingi tu, msilipe.

Mkitua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, msijiwekee treni ya saa hiyo hiyo. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya mpakani, wanapiga picha ya uso na kuhakiki alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na foleni inaweza kuwa ndefu. Amsterdam hoteli zina kodi ya jiji asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba, muulize kabla kama imo, usije ukashangaa kaunta. Nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa Hitler, tiketi ni mtandaoni tu, zinatoka kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele na zinaisha upesi. Kutoka hapo kwenda Paris ni treni ya kasi ya Eurostar, saa tatu na kitu, bei inapanda kadri siku inavyokaribia.

Paris kwenda Venice ndo pagumu. Treni ipo ila ni kama saa saba mpaka Milan halafu mbili na nusu tena, siku imekwenda. Pandeni ndege. Lakini zile ndege za bei chee zina mitego: nyingine zinaondokea uwanja wa Beauvais ambako ni zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris, na begi mnalipia mbali, tena likizidi mnalipia getini kwa uchungu. Kwaiyo mkiona nauli ya euro 25 jumlisheni begi na basi kwanza ndo mfurahi. Na begi lenyewe dogo jamani, Venice hamna gari, hamna bajaji, ni madaraja yenye ngazi, shem atakubebea sanduku mara moja ya pili hatakubebea. Lakini mlale kule, maana wageni wa kutwa wakiondoka jioni mji unabaki mzuri ajabu.

Makumbusho ya Louvre kule Paris inafungwa Jumanne, na kuanzia Januari 2026 sisi wa nje ya Ulaya tunalipa euro 32 wakati wao wanalipa 22, imeniuma lakini ndo hivyo. Makumbusho ya Vatican Jumapili hayafunguliwi, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na foleni yake usiiombee. Shemeji akiuliza Ijumaa ataswali wapi, Paris kuna Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1926, na ubavuni kuna mgahawa wa chai ya mnanaa, kaeni hapo muda mrefu, mimi napapenda kuliko Eiffel. Maji msinunue, Paris na Rome ya bomba yananyweka, Rome yanamwagika mitaani bure. Kahawa Italia kunyweni mmesimama kaunta, mkikaa mezani bei inabadilika.

Vibaka wapo, tena Paris wamevaa vizuri. Binti akikujia na karatasi usaini ya kuchangia viziwi, au kijana wa kule kanisa la Sacré-Cœur anataka kukufunga uzi mkononi, pita kama humuoni. Mtu aliyelelewa Kariakoo hafundishwi kushika pochi.

Agosti achaneni nayo, Rome ni joto la kukufa. Mwisho wa Septemba kuna jua, ila Amsterdam jioni itawaliza nyie watoto wa Dar, kwaiyo koti moja moja la maana. Msinunue madukani, soko la Karume yapo makoti mazito ya mtumba ya huko huko mnakoenda. Pia adapta, plagi zetu za pini tatu haziingii kule, nunueni mbili. Jumamosi hii nina nafasi, tukutane Karume mapema kabla jua halijakolea, na shem asije maana yeye akiona koti anasifia kabla hatujaulizia bei.

Dada yako.