Barua kwa mabinti wa hifdhi (mnaohifadhi Qur'ani kwa moyo) hapa Ngamiani, Tanga

Assalamu alaykum wajukuu zangu,

Wiki ilopita nlikuwa barazani nasuka ukili, akapita mmoja wenu saa za chuo cha Qur'ani, nkamwita we mbona hujaenda, akakunja pindo la mtandio mara tatu nne ndo akasema bibi niko mwezini, yani hedhini. Siku ya sita hiyo hajaenda na sura ya Tabaraka yote alohifadhi inamponyoka. Iliniuma, maana hata mie nliacha chuo hivyohivyo, siku saba zikawa mwezi, mwezi ndo ikawa basi tena.

Sasa sikizeni. Sie wapwani Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mwenye hedhi hasomi Qur'ani kwa nia ya kusoma wala hagusi msahafu, hilo siwafichi. Ila haohao Mashafi wanasema kuipitisha moyoni bila kutikisa ulimi ruksa, kuutazama msahafu ruksa, kusikiliza ruksa, na bismillahi na dua zenye maneno ya Qur'ani ukinuia dhikri, ruksa tele. Sasa nani kawaambia mkae nyumbani? Mwenzio ashike msahafu asome, we fatisha kwa macho.

Wamaliki, wafuasi wa Imamu Malik, wao wanamruhusu asome kwa ghibu, yani bila kutazama msahafu, damu ikiwa bado inatoka, wanasema hii si kama janaba ambayo ukioga imeisha, huna uwezo wa kuikata. Mwanazuoni wa zamani Ibn Taymiyya nae kasema akichelea kusahau asome. Na ile hadithi ya Tirmidhi ya kumkataza mwenye hedhi na mwenye janaba wasisome chochote, wanazuoni wengi wa hadithi wameidhoofisha. Simwambii mtu ahame madhehebu, muulizeni mwalimu wenu, ila mkimsikia dada wa watu anasoma msimtolee macho.

Na we ustadhi (unajijua), kumuuliza mtoto wa kike mbele ya wavulana kwanini leo hashiki msahafu, adabu gani hiyo? Mtume s.a.w. alikuwa akiegemea mapajani mwa Bibi Aisha nae yumo hedhini, akisoma Qur'ani, ipo kwa Bukhari hiyo. Weka mwalimu wa kike apokee hizo habari, yaishe.

Yule mjukuu nlimkalisha palepale. Mie hedhi ishanikoma zamani, nkatia udhu nkachukua msahafu nkamsomea Tabaraka yeye anafatisha kwa macho tu kimyaa, na pale miwani iliponitupa nkaruka aya, akanigonga goti.